Juisi ya kuletewa mlangoni iandikwe saa iliyokamuliwa

Mikocheni na Mbezi Beach jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Kilimani na Westlands kule Nairobi, bodaboda anayepiga honi getini asubuhi siku hizi huenda amebeba juisi. Mteja ameagiza kwa WhatsApp, amelipa kwa simu, na sasa anapokea chupa zake: ya kijani ina tango, spinachi na tangawizi, nyekundu ina bitiruti, karoti na chungwa, na ile nzito ya parachichi na ndizi ni smuthi. Biashara hii inastahili kuungwa mkono. Inawapa ajira vijana, wengi wao wanawake wanaoanzia jikoni mwao, na inampa soko mkulima wa machungwa wa Muheza, wa nanasi wa Kiwangwa na wa karoti wa Lushoto. Kinachokosekana kwenye chupa nyingi ni maelezo, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa mkali.

Wauzaji hujivunia kwamba juisi yao imekamuliwa bila joto. Katika mashine wanazotumia, tunda husagwa kwanza, hutiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha bamba la chuma huugandamiza mfuko mpaka majimaji yote yatoke na makapi yabaki makavu. Mmarekani Norman Walker alitengeneza mashine ya aina hiyo miaka ya 1930, na tangu hapo imepata sifa ya kutoa juisi nyingi zaidi na povu kidogo kuliko mashine ya visu vinavyozunguka kwa kasi. Ni sifa ya kweli, ila haina maajabu. Anayetaka kuuona ufundi wenyewe asimame karibu na muuza juisi ya miwa Kariakoo. Muwa unaingia katikati ya magurudumu ya chuma pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, unatoka bapa upande wa pili, juisi inachuruzika kwenye chujio. Hapo pia hakuna moto wala visu.

Wamarekani walilipia gharama kubwa kujifunza kwamba ubora hautoki kwenye mashine. Mwaka 2016 kampuni ya Juicero ilianza kuuza mashine ya nyumbani kwa dola 699, pamoja na pakiti za matunda na mboga zilizokatwa tayari ambazo mteja aliletewa nyumbani. Wawekezaji walikuwa wametia dola zipatazo milioni 120. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walizikamua pakiti hizo kwa mikono mitupu wakapata juisi karibu sawa na ya mashine. Septemba mwaka huohuo kampuni ikafunga.

Kwa hiyo mteja aulize kilichomo. Maandishi ya “haijaongezwa sukari” yanaweza kuwa kweli na bado yakampotosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na sukari ya kuongeza, na linataka zote zisizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni kama gramu 50, na shirika linasema ni bora zaidi zikibaki chini ya gramu 25. Chupa ya mililita 350 ya juisi tupu ya machungwa ina takriban gramu 30. Ni machungwa kadhaa yanayomezwa kwa dakika mbili, na nyuzinyuzi zake zimebaki kwenye kitambaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ, uliofuatilia Wamarekani 187,382, ulionyesha kwamba waliokula matunda mazima kwa wingi, hasa zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo, ilhali wanywaji wakubwa wa juisi walikipata zaidi.

Smuthi ina nafuu kwa sababu tunda linasagwa lote bila kuchujwa. Nafuu hiyo hupungua mpishi anapomimina asali, tende na aiskrimu. Huduma ya afya ya Uingereza inashauri juisi na smuthi kwa pamoja visizidi mililita 150 kwa siku, yaani chupa moja ya kuletewa inatosha watu wawili na kubaki.

Kuna pia vifurushi vya siku tatu au tano vya kunywa juisi tu, kwa ahadi ya “kutoa sumu mwilini”. Ahadi hiyo haifai kuachwa iendelee. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo, usiku na mchana. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza kuhatarisha maisha yake kwa kuacha chakula akanywa juisi, na mwenye figo dhaifu anaweza kudhuriwa na potasiamu nyingi iliyomo kwenye ndizi, parachichi na spinachi. Mtu wa namna hiyo aanzie kwa daktari.

Lakini jambo zito kuliko yote ni usalama, maana juisi isiyopata moto haijauawa vijidudu. Oktoba 1996, juisi ya matufaha ya kampuni ya Odwalla ya Marekani, ambayo haikupashwa moto, ilikutwa na bakteria wa E. koli. Makumi ya watu waliugua na mtoto mmoja akafariki dunia. Kampuni ilikiri kosa na mwaka 1998 ikatozwa faini ya dola milioni 1.5. Leo kampuni kubwa huzitia chupa zilizofungwa ndani ya maji yenye mgandamizo unaokaribia mara 6,000 ya ule wa hewa, ili kuua vijidudu bila moto. Jiko dogo la Sinza haliwezi kununua mtambo huo. Linategemea maji safi, mikono safi na ubaridi. Karoti inataka tahadhari zaidi kwa kuwa haina uchachu wa kuzuia bakteria wabaya. Mwaka 2006 watu kadhaa Marekani na Kanada walipooza kwa sumu ya botulizimu iliyokuwa kwenye juisi ya karoti.

Sasa fikiria chupa kama hiyo ndani ya boksi lisilo na barafu, foleni ya Mwenge imesimama, jua la Februari limewaka.

Tanzania kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Shirika hilo liwatake wauzaji wote, wakubwa kwa wadogo, waandike siku na saa ya kukamua, viungo vyote na kiasi cha sukari, pamoja na tamko kwamba juisi haijapashwa moto. Gharama yake ni kalamu na karatasi ya kubandika. Wakati tunasubiri, mteja aiguse chupa kabla ya kuipokea: ikiwa ni vuguvugu au haina tarehe, airudishe na adai fedha yake.