Sanamu za kachi: viungo vizuri vinaishia kwenye rafu

Kati ya mwaka 1984 na 1989, kampuni LJN ya Marekani iliuza sanamu za mpira za wapiganaji wa kachi, Hulk Hogan akiwa mmoja wao. Hazikuwa na kiungo hata kimoja. Mtoto alizigonganisha, akazitupa chini, akaziokota zikiwa nzima. Lakini ule mshiko wa Ric Flair, wa kukunja miguu ya mpinzani hadi ifanane na tarakimu 4, haukuwezekana. Goti lilikuwa halikunjiki.

Tangu 2010, Mattel inatengeneza aina kadhaa, zikiwamo hizi mbili. Elite inakunja goti mara mbili, na tumbo pia linainama. Basic, ya bei ya chini, haina hayo. Hapo ndipo penye kosa. Elite nyingi zinanunuliwa na watu wazima wanaozipanga kwenye rafu, huku mtoto anayetaka kuzipiganisha akipewa mwenye miguu migumu zaidi.

Ni kweli, kiungo kikichezewa sana kinalegea, na sanamu inashindwa kusimama. Lakini mtoto hadai vyote. Bega, nyonga na goti linalokunjika hadi mwisho vingemtosha, hata kama tumbo lingebaki gumu.