TUJUE DUNIA: Mji Uliohama na Kanisa Lake

Kama kawaida yetu, kila mwezi tunachagua mahali pamoja duniani na kupaangalia pamoja. Safari hii tunawapeleka mbali sana kaskazini, kwenye baridi kali, katika mji wa machimbo unaoitwa Kiruna. Wenye masweta wavae kabisa!

Kiruna iko nchini Uswidi, juu kabisa kwenye ramani. Kutoka mji mkuu, Stockholm, ni zaidi ya kilomita 1,000, na abiria wa treni hulala njiani. Theluji huanza kuanguka mwezi wa Oktoba na mara nyingi inakaa hadi Mei. Maji yanaganda kipimo kikifika sifuri; Kiruna kipimo hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, na siku nyingine zaidi. Mwezi wa Desemba unafika wakati jua halichomozi kabisa, karibu wiki tatu. Halafu toka mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, hata saa sita ya usiku linaonekana. Tulipoeleza hayo darasani, mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, sasa kuku wanalala saa ngapi?" Tulicheka wote, na sisi walimu jibu hatukuwa nalo.

Basi, watu walifuata nini huko? Walifuata chuma. Wengi wetu tumetoka sehemu zenye machimbo ya dhahabu na koltani, kwa hiyo tunajua jinsi jiwe linavyovuta watu. Kando ya mji kuna mlima unaoitwa Kiirunavaara, umejaa mawe ya chuma. Kampuni ya LKAB ilianzishwa mwaka 1890, na mji wenyewe ukaanzishwa mwaka 1900. Mawe hupakiwa kwenye treni mpaka bandari ya Narvik nchini Norwe, maana bahari ya pale haigandi. Mwanzo walichimba kutoka juu. Siku hizi wako chini sana: ngazi kuu ya mgodi iko mita 1,365 chini ya pale kilele cha mlima kilipokuwa zamani.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mwamba wa chuma haukusimama wima, umelala kuelekea chini ya mji. Kila wanapoutoa, ardhi ya juu inashuka na kupasuka, na nyufa zinasogea kwenye nyumba za watu. Mwaka 2004 ilitangazwa wazi kwamba mji lazima uhame. Tarehe 18 Mei 2020 kazi ya mgodi ilisababisha tetemeko la ukubwa wa 4.9, na watu wakaamshwa usiku. Kwa bahati hakufa mtu.

Kituo kipya cha mji kilijengwa kama kilomita 3 upande wa mashariki, kikafunguliwa rasmi Septemba 2022. Mnara wa saa wa jengo la zamani la manispaa ulichukuliwa ukasimamishwa mjini kupya. Lakini kilichoshangaza dunia ni kanisa. Kanisa la Kiruna lilimalizika mwaka 1912. Ni la mbao, limejengwa kwa mfano wa hema la Wasami, ambao ndio wenyeji wa nchi ile. Hawakulibomoa. Waliliinua zima, pamoja na picha kubwa ya altareni, wakaliweka juu ya magari yenye magurudumu mengi. Lilikuwa na uzito wa tani 672, yaani zaidi ya malori 22 yenye tani 30 kila moja. Barabara ilipanuliwa kwanza. Tarehe 19 na 20 Agosti 2025 kanisa likatembea kilomita 5 kwa siku mbili, polepole, kiasi kwamba mtoto anayejifunza kutembea angelipita. Watu walijaa kando ya barabara, na mfalme wa Uswidi naye alikuwepo.

Tusidanganyane lakini, si kila kitu kilibebwa. Majengo machache yalihamishwa mazima, mengi yalivunjwa. Mwenye nyumba yake alipewa achague: apate nyumba mpya, au alipwe bei ya nyumba na asilimia 25 juu yake. Wapangaji wengine walilalamikia kodi za nyumba mpya kuwa kubwa. Na Wasami wana kilio chao cha zamani. Wao wanafuga rendia, mnyama mwenye pembe anayehama na majira kutafuta malisho. Mgodi, reli na mji vinabana njia za mifugo yao. Tena Agosti hiyo hiyo ya 2025 kampuni ilisema watu wengine wapatao 6,000 watatakiwa kuhama. Kwa hiyo safari haijaisha.

Darasani kulikuwa na kelele siku hiyo. Mmoja alisema: "Kumbe na wazungu wanahamishwa!" Mwingine, msichana wa darasa la sita, akanyoosha mkono: "Lakini wale waliambiwa mapema, Mwalimu. Sisi tuliambiwa na nani?" Pakawa kimya.

Ni kweli, jamani. Wengi wetu tulitoka usiku. Mama alibeba sufuria na mtoto mgongoni, baba akabeba godoro, kisha akalitupa njiani. Watu wa Kiruna walipewa miaka zaidi ya 15, wakakaa vikao, wakabishana kitu gani kiende na kipi kibaki. Hatuwezi kusema mambo haya ni sawa. Lakini swali lao la vikaoni linatufaa na sisi: mtu akipoteza mahali, ni kitu gani lazima abaki nacho?

Watoto wengi tunaowafundisha wamezaliwa hapa kambini. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanataja namba ya kijiji na ya nyumba. Jina la mto ambapo bibi yake alichota maji hawalijui. Si kosa lao, hatujawaambia. Wengine tunanyamaza kwa sababu kukumbuka kunauma, na hilo tunalielewa. Lakini jina la mto halina uzito wa tani 672. Linabebeka mdomoni.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni ya nyumba nzima. Jioni moja baada ya chakula, mtoto achukue daftari, aulize, aandike:

1. Jina la kijiji chetu, mlima wake na mto wake.
2. Majirani wetu wanne, wa kila upande wa nyumba.
3. Kitu kimoja ambacho mama, baba au bibi angekibeba kama angepewa siku moja zaidi.

Asiyejua kuandika asimulie tu, sisi walimu tutaandika. Leteni madaftari shuleni siku yoyote baada ya masomo. Ya hadharani tutayasoma kwa sauti, ya siri yatabaki yenu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Walimu wenu wa kujitolea