KIMEO SI ADUI, TUSIKIKATE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Mwitongo,

Nasema wazi hapa ubaoni: desturi ya kuwakata watoto kimeo tuiache. Mtoto akikohoa siku tatu tu, utasikia, "Huyo ni kimeo, mpelekeni akakatwe." Kisu kinatafutwa, zahanati inasahauliwa.

Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua tunapomeza. Koo likiugua, kimeo nacho huvimba. Basi hiyo ni dalili, siyo chanzo. Mbwa akibweka usiku ukamkata ulimi, je, mwizi ameondoka?

Chanzo ni nini basi? Mara nyingi ni virusi vya mafua. Pengine ni bakteria, mafindofindo yanavimba na homa inapanda. Moshi wa kuni, vumbi, tumbaku na kiungulia navyo hukwaruza koo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chaweza kuwa kifua kikuu, lazima kupimwa.

Mtauliza, "Mbona mtoto wa jirani alikatwa akapona?" Ndugu zangu, mafua huisha yenyewe. Angepona hata bila kisu. Lakini anayekatwa aweza kutoka damu mpaka kufa, au kupata pepopunda, au virusi vya UKIMWI kwa kisu kilichomkata mwingine.

Tena koo la bakteria lisipotibiwa laweza baadaye kuharibu moyo wa mtoto. Penisilini ipo, ila mganga wa zahanati apime kwanza, na dozi imalizwe. Dondakoo nalo lina chanjo. Akina mama na akina baba, tazameni kadi za watoto.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa kwenye vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Hawakulazimishwa kwa fimbo, walielewa. Na sisi tuelewe hivyo hivyo.

Mtoto akishindwa kumeza, akitokwa udenda au akipumua kwa shida, msingoje kuche. Napendekeza mkutano ujao tupitishe: mwenye pikipiki asikatae kumbeba mtoto mgonjwa usiku, na mafuta yalipwe na mfuko wa ushirika. Anayepinga aje aseme mkutanoni, tumsikie.

Katibu wa Tawi