Wageni, acheni kuwalisha kima

Ndugu Mhariri,



Hivi karibuni nilikwenda Uganda, nikalala kambini kando ya msitu wa Kibale, maarufu kwa sokwe wake. Msitu unapendeza na waongozaji wanaijua kazi yao. Kinachoudhi ni sisi wageni. Asubuhi moja tukinywa chai, msafiri mwenzangu alimrushia kima ndizi ili ampige picha. Punde kima mwingine akarukia meza, akampokonya mtoto chapati na kumkwaruza mkono. Mhudumu alicheka tu!

Ukaribu wa namna hii ni hatari kwa wanyama pia: mafua yetu yanaweza kuwaua sokwe. Ndiyo maana mtu anayekohoa haruhusiwi kwenda kuwatazama. Naye kima akishazoea chakula cha watu, huvamia mashamba ya wanakijiji, na huko hupokewa kwa mawe na mbwa.

Nawaomba mawakala wa safari wawaeleze wateja wasilishe wanyama wala wasiende kuwatazama sokwe wakiwa wanakohoa, kabla ya kupokea fedha zao, na wasimamizi wa hifadhi wawabane wenye kambi wanaofumbia macho mchezo huu wa kuwalisha kima. Wasomaji wenzangu, ninyi mnasemaje?

Msomaji wako,
Bukoba