Kijikopo Kisicho na Jina

Msomaji kijana, ukipita Bondeni, mtaa wa kale wa Nakuru, huenda ukauziwa krimu nyeupe katika kijikopo kisicho na jina wala kipimo. Muuzaji atakuapia kwamba mabaka uliyoachiwa na chunusi yatatoweka kwa juma moja. Mwulize: ndani mna nini? Akicheka badala ya kujibu, rudisha fedha yako mfukoni.

Simcheki atakaye uso wa rangi moja. Baka usoni ni huzuni ya kweli kwa kijana, na wanaomhubiria fahari ya weusi kisha wakamwacha peke yake mbele ya kioo hawamfai kitu. Ugomvi wangu ni na mkorogo.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza habari za wagonjwa 60 wa mafigo, waliovimba miili kwa maji. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isifanye rangi yake. Lakini haitulii usoni, bali hupenya damuni ikayadhuru mafigo. Tazama bei hiyo! Mtu alikwenda kutafuta uso, akarudi amebeba maradhi ya tumboni.

Hidrokwinoni ina habari yake. Mkononi mwa daktari, kwa kipimo kidogo na muda mfupi, ni dawa. Katika mkorogo haipimwi, na aliyeizoea kwa miaka huweza kuuona uso ukigeuka samawati iliyokolea kama wino: alinunua weupe, akapewa weusi asioujua. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Steroidi nazo, zikipakwa bila daktari, huifanya ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Basi uchague nini? Kwanza kivuli. Nakuru i karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na jua lake hulikoleza baka kila siku. Kofia, ukingo wa leso, au mafuta ya kukinga jua: pasipo hivyo dawa yo yote hutwanga maji kinuni. Kisha niasinamidi au asidi ya azelaiki, yenye kipimo kilichoandikwa, kutoka duka la dawa. Hizo huenda polepole, hesabu miezi.

Muuzaji wa kijikopo atasema miezi mitatu ni mingi mno. Mwulize basi, miezi hiyo ikiisha, yeye atapatikana wapi.