Sadaka ni Mali ya Usharika, si ya Mtu

Hakuna jambo livunjalo umoja wa watu upesi kama fedha isiyo na hesabu. Hayo ni kweli katika chama cha ushirika, ni kweli katika kamati ya maji ya kijiji, na ni kweli vile vile katika nyumba ya ibada. Leo twapenda kulizungumza jambo hili kwa upande wa makanisa ya Kimara na vitongoji vyake, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kwa sababu huko haja ya kutengeneza upya uendeshaji wa sharika imekuwa wazi kabisa.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Visiwani wakauliza: Kimara yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo sharika za Kimara zimo ndani yake, ndiyo hiyo hiyo iwaleayo Walutheri wa Zanzibar. Wengi wetu tuna ndugu, watoto na jamaa waliohamia huko. Na zaidi ya hayo, Visiwa vyetu vina somo la zamani juu ya mali ya dini, somo ambalo ndugu zetu wa Kimara wangefaidika nalo. Tutalifikia hapa chini.

Kwanza tuitazame Kimara yenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hivyo katika muda wa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, nao wengi wamejenga pembezoni, si katikati ya mji. Kimara, ambayo zamani ilikuwa ya Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo, ni mojawapo ya sehemu zilizopokea wimbi hilo. Kutoka Baruti na Korogwe hadi Kimara Mwisho, Stop Over, Suka na Temboni, mashamba na mapori ya jana yamekuwa mitaa yenye msongamano.

Makanisa nayo yamekua pamoja na watu. Mkusanyiko ulioanza na familia chache chini ya mwembe, au katika banda la mabati, leo wafanya ibada mbili au tatu kila Jumapili. Una kwaya kadhaa, shule ya chekechea, vyumba vya maduka vya kupangisha na akaunti benki. Kilichokawia kukua ni utaratibu. Mali ni za leo, lakini uendeshaji wake mara nyingi ungali ule wa chini ya mwembe, ambao mambo yote yamo vichwani mwa watu watatu au wanne, na watu hao wakifa, wakihama au wakigombana, usharika haujui una nini wala unadaiwa nini.

Yeyote aliyepata kuabudu katika makanisa hayo aujua utaratibu wa matangazo. Ibada ikikaribia mwisho, katibu husimama na kusoma mapato ya Jumapili iliyopita: sadaka ya ibada ya kwanza kiasi hiki, ibada ya pili kiasi hiki, bahasha za ahadi kiasi hiki, mnada wa kuku, mayai na ndizi kiasi hiki. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini twauliza: mapato husomwa kila Jumapili, je, matumizi husomwa lini? Mama auzaye vitumbua alfajiri kituoni Kimara Mwisho, atoaye bahasha yake kila mwezi bila kukosa, amesikia mara mia ni fedha kiasi gani zimeingia. Hajasikia hata mara moja zimetoka vipi. Kusoma mapato bila matumizi ni kusoma nusu ya hesabu, na nusu ya hesabu si hesabu.

Zaidi ya fedha kuna suala la ardhi. Mwaka 2017 majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, yalibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara, nyumba za ibada zikiwamo. Desemba 2018 likawekwa jiwe la msingi la barabara mpya ya kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha. Hatukusudii kufufua hapa ubishi wa bomoabomoa ile. Twataka kukumbusha somo moja tu. Tingatinga lilipokaribia, kila mmoja, awe mwenye nyumba au usharika, aliulizwa swali lile lile: karatasi zako ziko wapi, na zimeandikwa jina la nani? Usharika ambao kiwanja chake kimeandikwa jina la mzee aliyekinunua, au la mchungaji aliyeuanzisha, hauna jibu la swali hilo. Na hata pasipo tingatinga, siku mzee huyo atakapofariki dunia warithi wake watakuja na karatasi mkononi, na sheria itawasikiliza.

Dawa ya ugonjwa huu ipo, wala si ngeni. Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, huviwezesha vyombo vya dini kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Kabidhi Wasii Mkuu. Bodi hiyo huwa kama mtu mmoja mbele ya sheria: yaweza kumiliki ardhi, yaweza kushitaki na kushitakiwa, wala haifi anapokufa mmoja wa wajumbe wake. Makanisa makubwa yenye dayosisi na majimbo yana wadhamini wa namna hiyo, na viwanja vya sharika zao hupaswa kuwa chini yao. Hata hivyo, ni wangapi katika washarika wa kawaida wanaojua hati ya kiwanja chao imehifadhiwa wapi? Na yale makanisa machanga, ambayo mwanzilishi ndiye mwenyekiti, mkewe ndiye mweka hazina na mwanawe ndiye katibu, yana wadhamini gani?

Hapa ndipo linapokuja somo la Visiwani. Mwislamu wa Unguja au Pemba aifahamu wakfu tangu utotoni. Mtu akiiweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu kwa ajili ya msikiti, mali ile imemtoka yeye na warithi wake. Mutawalli, yaani msimamizi, huitunza. Hawi mwenye mali. Haiuzi, hairithishi wala haiweki rehani kwa deni lake. Zanzibar imekuwa na chombo cha umma cha kusimamia jambo hili tangu enzi za ukoloni, na leo kazi hiyo iko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2007. Twakiri kwamba hata huku kwetu wakfu umepata kuchezewa na wenye tamaa. Lakini achezeaye wakfu hujulikana kuwa amekosa, kwa kuwa kanuni yenyewe iko wazi kwa mkubwa na mdogo. Kimara inahitaji uwazi huo huo: kwamba mchungaji na wazee wa kanisa ni wasimamizi, na mali ni ya usharika uliopo pamoja na ule utakaokuja baada yao.

Wapo watakaotujibu kwamba kanisa si chama cha siasa, na kwamba mtumishi wa Mungu haulizwi maswali kama diwani. Twaiheshimu hoja hiyo, lakini Maandiko yao wenyewe yasema vingine. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa upande mmoja wa kanisa la Yerusalemu walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji waasi. Waliwaita waumini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema waishike kazi ile, na wao wenyewe wakabaki na sala na mahubiri. Kwa hiyo kutenganisha madhabahu na sanduku la fedha hakukuletwa na wanasiasa wa leo. Ni utaratibu wa kanisa tangu mwanzo wake.

Hasara ya kutokuwa na utaratibu ulio wazi twaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgogoro wa Wameru kutaka dayosisi yao, mbali na Dayosisi ya Kaskazini, uligeuka uchomaji wa nyumba na umwagaji wa damu baina ya watu walioimba zaburi kitabu kimoja. Na Januari 2023, mchungaji wa Usharika wa Kijitonyama, si mbali na Kimara, alipopewa likizo ya siku 60, washarika walijitokeza hadharani kupinga. Hatuna haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba mahali ambapo muumini hajui uamuzi umefikiwa vipi, wala hajui apeleke wapi lalamiko lake, atalipeleka barabarani.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa sharika za Kimara, nalo ni la mambo manne. Kwanza, katiba ya usharika itolewe kabatini, isomwe, na kila jumuiya ipewe nakala. Pili, kila miezi mitatu mapato na matumizi yabandikwe pamoja ukutani, na mara moja kwa mwaka hesabu zikaguliwe na mtu asiye mjumbe wa kamati, kisha ziletwe mbele ya mkutano mkuu wa usharika. Tatu, hati ya kiwanja na ya kila mali iwe katika jina la wadhamini waliosajiliwa, na washarika waonyeshwe. Nne, kila cheo cha mlei kiwe na kikomo. Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Ikiwa kiongozi wa kanisa zima lenye mamilioni ya watu hurudi mbele ya wapiga kura wake kila baada ya miaka minne, kwa nini mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika mmoja akae miaka kumi na mitano, na jengo halijaezekwa?

Katika hayo yote wasisahauliwe akina mama na vijana. Akina mama ndio wengi ibadani, ndio wapikao, wafagiao na wajazao bahasha. Baraza la wazee lenye mwanamke mmoja kati ya wajumbe kumi na wawili halijauwakilisha usharika wake.

Sasa twawageukia viongozi wa Serikali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 19, yasema wazi kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mpaka huo ni mzuri, na twaomba uheshimiwe. Lakini Serikali ndiyo inayosajili jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, nayo ndiyo inayosajili wadhamini. Kazi yake basi ni kuhakikisha kwamba bodi ya wadhamini iliyoandikwa katika daftari ipo kweli, kwamba waliofariki wameondolewa na wapya wameandikishwa, na kwamba muumini mnyonge atakaye kujua wadhamini wa kanisa lake hazungushwi ofisi kwa ofisi. Maofisa wa ardhi nao wawasaidie wenye sharika kuhamisha hati kutoka majina ya watu binafsi, badala ya kuwachosha kwa njoo kesho.

Usajili lakini usifanywe rungu. Juni 2025 kanisa moja kubwa la Ubungo, kando ya Barabara hiyo hiyo ya Morogoro, lilifutiwa usajili kwa maelezo kwamba mahubiri ya kiongozi wake yalikuwa ya kisiasa, na maelfu ya waumini wakakuta milango imefungwa. Novemba mwaka huo huo Serikali ikatangaza lifunguliwe. Waumini wale hawakuwa wamehubiri neno lolote. Twaona kuna makosa mawili ya kujihadhari nayo: kanisa kuning'inia juu ya mtu mmoja, na dola kuliadhibu kundi zima kwa sababu ya mtu mmoja. Utaratibu mwema huyaponya yote mawili, kwa kuwa usharika wenye baraza lake, wadhamini wake na hesabu zake waweza kusimama hata kiongozi wake akianguka.

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sharika za Kimara zina mali, na daftari halina gharama kubwa. Kinachohitajika ni wazee wa kanisa walio tayari kulifungua mbele ya watu. Twawasihi wasingoje mwaka wa uchaguzi, wala msiba, wala tingatinga. Jumapili ijayo, katibu akiisha kusoma mapato, na ageuze ukurasa asome na matumizi. Mama wa vitumbua anangoja kuyasikia.