Ua la Kwetu Si Gugu

Katika lugha yetu limo neno dogo ambalo limeangamiza mimea mingi kuliko shoka. Neno hilo ni "gugu". Mkulima ana haki ya kulitumia, maana gugu ni mmea uotao mahali usipotakiwa, ukaunyang'anya muhogo wake maji na rutuba. Lakini mtu asiyelima chochote, aliyesimama mbele ya ofisi au shule, anapoutazama mmea wa nchi yake wenye ua zuri akauita gugu, hapo hasemi habari za kilimo. Anasema habari za nafsi yake.

Miaka michache iliyopita kazi ya serikali ilinipeleka Kilambo, katika Mkoa wa Mtwara, pale njia inapofika ukingoni mwa Mto Ruvuma, na ng'ambo ya maji ni Msumbiji. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Njiani nilitua kwenye shule moja, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa ingaliweza kuwa shule yoyote ya nchi hii. Wanafunzi walikuwa wakifyeka kando ya uwanja, kwani mgeni wa heshima alitazamiwa kesho yake. Vichakani mle ulikuwamo mmea utambaao juu ya vijiti, wenye maua mekundu yaliyochanganyika na manjano, petali zake zimepinda kuelekea juu mithili ya ndimi za moto. Wataalamu wa mimea huuita Gloriosa superba. Nilimwuliza kijana mmoja jina la ua lile. Alinijibu kwa adabu, "Ni gugu tu, mzee," kisha akaliangusha kwa fyekeo.

Jioni maua yale yalikuwa lundo. Mahali pake palipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na barazani vikawekwa vikopo vya miche iliyonunuliwa mjini. Mwalimu wa zamu alinionyesha kwa fahari kikopo kimoja chenye maua laini ya rangi ya waridi, akasema, "Hili ni ua la Ulaya." Sikutaka kumtahayarisha mbele ya wanafunzi wake, nikanyamaza. Leo nasema nililopaswa kusema siku ile.

Ua lile silo la Ulaya. Ni Impatiens walleriana, mmea wa Afrika ya Mashariki, ambao huota wenyewe tangu Kenya, kupitia kwetu, hata Msumbiji. Katika karne ya kumi na tisa John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, aliupeleka kwao, na mwaka 1882 wataalamu wa huko wakautangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Kirk huyo huyo alikuwa amepita katika Mto Ruvuma pamoja na Livingstone mwaka 1862. Ua likavuka bahari, likakuzwa katika mabustani ya wageni, likarudi kwetu ndani ya kikopo, nasi tukalipokea kama mgeni mtukufu.

Wala si hilo peke yake. Mwaka 1892, huko Usambara, Mjerumani mtawala aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliona ua dogo la zambarau lililoota penye miamba yenye kivuli. Akapeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, yaani jina la ukoo wake. Leo ua hilo limo madirishani mwa nyumba za watu duniani kote, na wako watu Ulaya na Marekani wanaoishi kwa kuliotesha na kuliuza. Huku nyumbani, baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka kwa sababu misitu iliyozihifadhi imekatwa. Mgeni aliona thamani katika kitu tulichokikanyaga. Je, tumlaumu yeye kwa kuwa na macho, au tujilaumu wenyewe kwa kuyafumba yetu?

Mwaka 1962, Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tulikubali kwamba ngoma zetu si ushenzi wala vinyago vyetu si ushirikina. Tukaitupa kasumba ile katika ngoma na katika lugha. Katika bustani tumeiacha ikamea. Mtwara ni nchi ya Wamakonde, ambao uchongaji wao wa mpingo umesifiwa ulimwenguni kote. Kila mwanafunzi wa mkoa ule anakijua kinyago cha mpingo. Lakini ni wangapi waliowahi kuliona ua la mpingo? Ni ua dogo jeupe, lenye harufu nzuri, litokalo kwa vishada. Mti wenyewe huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuchongwa. Taifa linalojivunia kinyago na lisijue ua la mti unaokizaa, linajivunia mtoto huku limemsahau mama.

Nazijua hoja za wapinzani wangu, nami sitazikwepa.

Wa kwanza husema kwamba maua ni anasa, na kwamba mwenye njaa hali petali. Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama shule zetu zisingalikuwa na bustani kabisa. Lakini bustani zipo, wanafunzi huzimwagilia maji kila asubuhi, na fedha hutolewa kununua miche. Hatubishani basi kama tupande maua. Twabishana tupande yapi. Ua la kwetu, mbegu yake ni ya bure, na mvua ya kwetu limezoeana nayo.

Wa pili husema kwamba ua la porini lajiotea lenyewe, kwa hiyo halihitaji kutunzwa. Lilijiotea pori lilipokuwapo. Vichaka vya asili vya uwanda wa Makonde vimegeuzwa mashamba kwa sehemu kubwa, na moto wa kila kiangazi hula vilivyosalia. Sisemi watu wasilime. Nasema kwamba mmea uliopoteza kwao unahitaji kwao pengine, na uwanja wa shule waweza kuwa makimbilio yake.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Huniuliza: mbona mkorosho, unaowalisha watu wa Mtwara, asili yake ni Brazili? Mbona muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini? Je, nao tuung'oe? La hasha! Sina ugomvi na mgeni aliyekuja kwa wema. Hata bogenvilia, nayo ya huko huko Brazili, naiachia ukuta wake. Lakini mgeni asimtoe mwenye nyumba. Na tukumbuke habari ya lantana, iliyoletwa kutoka Amerika ili ipambe mabustani. Leo imetoroka bustanini, imevamia malisho na kingo za misitu katika Afrika ya Mashariki, na majani yake huwadhuru ng'ombe. Lililopandwa kama pambo limekuwa gugu halisi, na pambo la asili tumelifyeka kwa kuliita gugu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Isitoshe, kutunza ua la mwitu si jambo geni katika ustaarabu wetu. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na ya kaskazini mashariki mwa Tanzania. Akina bibi wa Unguja, Pemba na Mombasa waliutoa porini wakaupanda karibu na nyumba zao kwa ajili ya harufu ya maua yake, wakayatia kilua pamoja na asumini, mkadi na mrehani katika vikuba. Hawakungoja kufundishwa na mtaalamu. Mtaalamu ndiye aliyefundishwa nao. Mwaka 1970, Bernard Verdcourt alipoutangaza mti huo katika elimu ya mimea, aliupa jina la Mkilua fragrans. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya dunia, kwa sababu wako watu waliolihifadhi ua na jina lake. Lisilotunzwa halibaki na jina, na lisilo na jina hufyekwa bila mtu kulilia.

Basi tufanyeje? Mwalimu na awatoe wanafunzi nje, waende na wazee wa kijiji, waandike jina la kila ua kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, na mahali lilipoota: penye mchanga, penye kivuli au penye maji. Wachukue mbegu chache zilizokomaa, waache zilizo nyingi, wala wasing'oe mmea mzima kutoka porini. Wapande mvua zinapoanza. Ule mmea wa ndimi za moto upewe kichaka au fito za kupandia, maana hushika kwa ncha za majani yake; na kiazi chake kishikwe kwa uangalifu, kwa sababu kina sumu kali, usipandwe wanapocheza watoto wadogo. Wakaao pwani, kama kule Msimbati, wamtazame mlakasa, utambaao mchangani na kutoa maua ya zambarau. Kipande chake chenye kifundo hutoa mizizi kikifukiwa, nao huushika mchanga usipeperushwe na upepo. Lakini ufuko ule umo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kwa hiyo tusichukue humo kitu chochote bila ruhusa ya wahusika.

Taifa letu limekwisha kuonyesha kwamba laweza kuliheshimu ua. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake hasa. Serikali iliyotenga nchi nzima ya maua kule Nyanda za Juu haiwezi kushindwa na pembe moja ya uwanja wa shule huku Ruvuma.

Nami kwa kuwa ni mtunzi, namalizia kwa ubeti:

Ua la kwetu porini, lapigwa jembe na rungu,
Likivuka baharini, sifa humpa Mzungu,
Twalinunua dukani, kumbe ni letu, wenzangu,
Enyi walimu shuleni, lipeni na lake fungu.

Kijana yule wa fyekeo hakuwa na kosa. Alilitaja ua kwa jina tulilomfundisha. Tumfundishe jina jingine.